Sura Iliyobakizwa na Panya

Jioni ile Audax hakuvua viatu mlangoni kama kawaida yake. Aliingia navyo mpaka mkekani, akaketi, akalegeza tai, akasema, "Nimemwambia Bwana Pringle kwamba najua Kihispania."

Avelina alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Aliokota kijiwe, akakitupa nje, akamtazama mumewe.

"Na unakijua?"

"Najua Kilatini."

"Sikukuuliza Kilatini, Baba Jovina."

"Kihispania ni Kilatini kilichovua viatu," alisema Audax, na hapo akakumbuka viatu vyake mwenyewe, akainuka kwenda kuvivua.

Kilatini alikijua kweli, hilo hakuna wa kumnyima. Alisoma seminari kule kwao Bukoba akiwa na nia ya kuwa padri, mpaka alipotoka kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ndiyo iliyokuwa imeketi pale ikichambua choroko. Tangu hapo alikuwa karani. Kampuni yake ilisafirisha katani, na ofisi ilikuwa mjini karibu na bandari, ghorofani, chini ya feni ambayo Audax aliitaja katika mazungumzo mara nyingi kuliko alivyowataja ndugu zake. Sasa wanunuzi wa kutoka Hispania walikuwa wameanza kuulizia katani. Asubuhi hiyo Bwana Pringle, meneja, alisimama katikati ya meza za makarani akauliza ni nani anayejua lugha ya watu hao, na Audax akaushtukia mkono wake mwenyewe uko juu.

"Na wale ambao hawakuinua mikono?" aliuliza Avelina.

"Wanapelekwa shambani. Huko ndani, mbele ya Kilosa. Ofisi ya hapa inabaki na karani mmoja tu."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Avelina aliendelea kuchambua, ila sasa alikuwa anatupa choroko na kubakiza mawe.

Kwao Bukoba, mtu akifa huzikwa kibanjani, katikati ya migomba ya ukoo wake, karibu na jiko, ili asiwe mbali na sauti za watu wake. Ndivyo walivyozikwa wote. Mtoto wao Kasiani hakuzikwa hivyo. Alikufa kwa homa masika yaliyopita, kabla hajajua kutembea, na kutoka Temeke mpaka Bukoba ni treni na meli na siku ambazo maiti haiwezi kungoja. Walimzika kwenye makaburi ya hapo hapo Temeke, kati ya mwanamke wasiyemjua na mpishi wa melini. Kila Jumapili baada ya misa Avelina alipitia huko na jembe dogo, akapalilia, akamweleza mtoto habari za nyumbani. Alikuwa bado hajamaliza kulia. Alilia huko huko makaburini ili asirudi na kilio nyumbani. Wakihamia Kilosa, mtoto angebaki peke yake na watu wasiomjua hata jina, na jambo hilo Avelina hakuweza kulifikiria mpaka mwisho wake.

Audax hakuwahi kukanyaga tena huko tangu siku ya maziko, wala jina la mtoto hakulitaja. Kwa hiyo Avelina alijua, au alidhani anajua, kwamba mkono ule uliinuliwa kwa ajili ya feni. Hilo halikumsumbua sana. Feni na kaburi vyote vilikuwa Dar es Salaam.

"Basi anza kusoma," alimwambia.

Kitabu Audax alikipata parokiani, kwa padri mmoja mzee aliyekitoa nyuma ya kabati lenye panya. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza cha kufundisha Kihispania. Panya walikuwa wameanza mwanzoni kama wanafunzi wazuri. Walikula alfabeti, wakala salamu, wakala wakati uliopo wote. Halafu walikigeuza wakaanza upande wa nyuma, wakamaliza namba na majina ya vyakula. Kilichobaki katikati kilikuwa sura moja: vitenzi vinavyofuata kanuni, wakati uliopita. Mfano uliotolewa ulikuwa kitenzi cha kununua.

"Inatosha," alisema Audax, akikipangusa. "Barua za kampuni zote ni za mambo yaliyopita. Tulipokea, tulipeleka, tulinunua. Halafu sikiliza hapa inavyosema: vitenzi vya namna hii vyote mwendo wao ni mmoja. Ukikijua kimoja umevijua elfu."

"Anza na hicho kimoja," alisema Avelina.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili vya kupanga, na watu wanne. Mbali na Audax na Avelina, alikuwepo binti yao Jovina, aliyekuwa darasa la pili, na Mzee Demetria, mama yake Audax. Demetria alikuja kutoka Bukoba kumlea Kasiani, akabaki baada ya kumkosa. Kiswahili chake kilikuwa cha sala tu, yaani aliweza kumsifu Mungu lakini hakuweza kuomba chumvi. Alikuja na vichipukizi vya migomba vilivyofungwa kwenye gunia, akavipanda uani, na mwenye nyumba alishachoka kulalamika kwa sababu Demetria alimjibu kila mara kwa Kihaya.

Kila jioni walipiga magoti kusali rozari. Audax aliongoza, yeye akisema nusu ya kwanza ya kila sala, na wengine wakajibu nusu ya pili. Ndivyo rozari inavyokwenda, na ndivyo alivyofundishwa kila kitu alichowahi kufundishwa. Kwa hiyo rozari ilipoisha hakuinuka. Alifungua kitabu mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Yo," aliongoza. Yaani mimi.

Siku ya kwanza aliwasomea majibu, wakayashika. Siku zilizofuata hakuwa na haja.

"Compré," walijibu watatu wale.

"Tú."

"Compraste."

"Él."

"Compró."

"Nosotros."

"Compramos."

"Vosotros."

"Comprasteis."

"Ellos."

"Compraron."

"Amina," aliongeza Demetria, akafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyetaka kumweleza mambo ya Hispania saa ile, na kesho yake ilikuwa vilevile, wakaacha.

Audax alipendezwa sana. Kidole chake kilifuata majibu yao kitabuni na kuyaona yako sawasawa, kama mkaguzi wa shule. Jovina alikuwa anaruka kamba kwa compré na compraste. Avelina alivisema akisugua sufuria, bila kujua kwamba anavisema. Jioni moja aliuliza, "Mbona yote yameshapita, Baba Jovina? Hakuna anayenunua leo?"

"Leo imeliwa na panya," alijibu Audax.

Duka la jirani lilikuwa la Thuwaini, Mwarabu wa pale pale Temeke, ila aliyeliendesha hasa ni mkewe Samiha. Ukuta wa Samiha na ukuta wa akina Audax ulikuwa ukuta mmoja. Avelina alikwenda kununua kiberiti akakuta wateja wamejaa.

"Shoga," alisema Samiha kutoka nyuma ya mizani, "nyie siku hizi mnasali sala gani? Mie rozari yenu nimeshaizoea. Nikisikia inaisha ndiyo naepua wali. Sasa mmeongeza, wali wangu unaungua."

"Si sala. Ni Kihispania, cha kazi ya Baba Jovina."

"Mnasemaje?"

Avelina alisita, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nilinunua, ulinunua, alinunua, tulinunua, mlinunua, walinunua."

Samiha alilifikiria hilo huku akifunga sukari ya mtu. "Mlinunua nini?"

"Hatukununua kitu. Ni kununua tu."

"Maana hapa kwetu tangu Pasaka mnanunua kiberiti tu."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa na mdomo wa namna hiyo tangu alipozaliwa. Lakini wateja walicheka, na mmoja akacheka mpaka akashika mlango. Avelina aliona uso unamwaka. Alichukua kiberiti chake, akatoka, akafika barazani, akarudi akanunua na chumvi ambayo hakuihitaji.

Wateja walipopungua Samiha alimvuta mkono juu ya kaunta. "Usinikasirikie. Jumapili nilikuona unapita na jembe lako. Mungu akupe subira, shoga yangu."

"Amina," alisema Avelina. Akarudi nyumbani amepoa kidogo.

Mgeni kutoka Hispania, mmoja wa wanunuzi wale wa katani, alitarajiwa ofisini siku ya Jumatatu. Alikuja Temeke Jumamosi alasiri. Bwana Pringle alikwenda mwenyewe kumpokea kwenye uwanja wa ndege, na walipokuwa wanarudi mjini, njia ikiwa ni hiyo hiyo, akaona ni vizuri ampitie karani wake, ili mzee wa watu asikie lugha ya kwao akiwa ndani ya gari. Gari lilisimama mbele ya duka la Thuwaini, na Temeke yote iliyokuwa karibu ikasimama pia.

Audax alikuwa amevaa msuli. Alikimbilia ndani, akatoka na suruali na tai, lakini bila soksi. Kitabu kilikuwa chini ya mto, na hakikuweza kutoka huko, kwa sababu mtu anayejua lugha hatembei na kitabu chake. Nyumba ilikuwa na kiti kimoja chenye mgongo. Avelina alimtuma Jovina kwa Samiha akaazime kingine. Demetria alipiga magoti mlangoni kuwaamkia wageni kwa heshima ya kwao, na Bwana Pringle akamzunguka kama unavyozungukwa mtungi.

Mhispania alikuwa mzee mwembamba, kofia mkononi, uso umebadilika rangi kwa kutapika njiani angani. Alikaa kwenye kile kiti kimoja. Akaangalia picha ya Bikira Maria ukutani, akamwangalia Audax, akasema maneno mengi kwa mfululizo.

"Haya, Audax," alisema Bwana Pringle, ambaye Kiswahili chake alikiokota mashambani na hakuwahi kukifuta vumbi. "Yeye nasema nini?"

Avelina alikuwa nyuma ya pazia na sinia la vikombe. Aliuona mgongo wa mumewe unalowa. Audax hakuambulia hata neno moja. Akafanya jambo pekee alilolijua. Alifumba mikono kifuani, akainua kichwa.

"Yo," alisema. Akangoja.

Hapo ndipo Avelina alipoelewa. Siku zote zile mumewe alikuwa anaongoza tu. Alishika nusu ya kiongozi, na nusu ile nyingine aliifuata kwa kidole kitabuni wakati wenziwe wanaisema. Haikuwahi kupita mdomoni mwake tangu ile siku ya kwanza. Nusu ile ilikuwa kwake yeye Avelina, na kwa Jovina, na kwa mama mkwe. Akinyamaza, Audax atabaki pale amesema neno moja mbele ya wageni, lakini siri itakuwa haijatoka. Akijibu, Bwana Pringle atajua kila kitu, na Kilosa itakuwa Kilosa. Alimfikiria Kasiani. Alitaka kunyamaza.

"Yo," alirudia Audax, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu anayezama. Hilo Avelina hakuweza kulivumilia.

"Compré," alisema kutoka nyuma ya pazia.

Mabega ya Audax yalishuka. "Tú," alisema kwa nguvu mpya.

"Compraste," alijibu Avelina, na Jovina, aliyekuwa anaingia na kiti kichwani, akajibu naye.

"Él."

"Compró," alisema Demetria akiwa bado magotini mlangoni, kwa ibada.

Hawakuweza kukatiza tena. Walikwenda mpaka mwisho kama walivyozoea, na walipofika kwenye compraron sauti ya tano ilisikika kupitia ukutani, kutoka dukani kwa Samiha, ikiwa na lafudhi nzuri kuliko zote.

"Amina," alisema Demetria, akafanya ishara ya msalaba. Na yule Mhispania, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaifanya naye.

Bwana Pringle alikuwa bado amesimama, maana kiti kilikuwa bado kichwani kwa Jovina. "Hiyo ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, bwana. Zingine zililiwa."

Mgeni alikohoa, akaomba maji ya kunywa. Aliyaomba kwa Kiingereza safi, kwa sababu alikuwa amefanya biashara London kwa miaka mingi, na hakuna mtu aliyekuwa amefikiria kumuuliza. Bwana Pringle aligeuka mwekundu kuanzia shingoni.

"Wewe nadanganya," alimwambia Audax. "Iko kazi, iko mshahara, wewe nadanganya. Kwa nini?"

Audax alikuwa na Kiingereza cha kumtosha, na siku zote alimjibu bwana wake kwa Kiingereza. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, macho yake kwenye miguu yake isiyo na soksi.

"Tuna mtoto makaburini hapa, bwana. Kasiani. Mama yake hawezi kumwacha. Na mie siwezi. Mie hata kwenda kumtazama siwezi, bwana."

Avelina alikuwa hajalisikia jina lile kwenye mdomo wa mumewe tangu masika. Aliona aibu kwa ajili ya ile feni, aibu ya kweli, na alitaka kutoka nyuma ya pazia amshike Audax mkono mbele ya Wazungu. Hakutoka. Aliweka sinia chini tu.

"Kampuni hapana angalia makaburi," alisema Bwana Pringle. Ulikuwa ukweli, na alionekana hakuufurahia sana.

Mgeni aliuliza kwa Kiingereza kinazungumzwa nini, na Bwana Pringle akamweleza kwa ufupi. Avelina alileta maji. Mzee aliyapokea kwa mikono miwili, hakuyanywa. Alimtazama Avelina, akajigusa kifua.

"Yo enterré," alisema polepole. Aliinama akaupapasa udongo wa sakafu kwa kiganja, kama mtu anayeusawazisha. Aliinua vidole viwili. Halafu akaweka mkono hewani, usawa wa meza, na baada ya hapo chini kidogo, usawa wa goti.

Neno lile halikuwemo kwenye kitabu. Lakini mwisho wake Avelina aliujua, alikuwa ameusema kila jioni. Alijua kwamba ni yeye mwenyewe huyu mzee, si mtu mwingine, na kwamba jambo lenyewe limekwisha tendeka. Hayo mengine mkono ulikuwa umeyasema.

"Pole, mzee," alimwambia.

Mzee akainamisha kichwa. Bwana Pringle akaangalia saa yake.

Jumatatu Audax aliambiwa kwenye ngazi, hata hakufika kwenye feni. Hafukuzwi kazi, kwa sababu mgeni aliomba asifukuzwe, lakini atakwenda shambani pamoja na wenzake. Aliyaeleza hayo nyumbani akiwa amevua viatu mlangoni. Kisha akasema kwamba alipitia parokiani kurudisha kitabu, na alimuuliza padri maana ya lile neno la yule mzee.

"Anasemaje?"

"Nilizika."

Avelina aliitikia kwa kichwa. Alianza kufunga vyombo siku hiyo hiyo, maana alijua akingoja hataweza.

Samiha alikuja kuwasaidia kukunja mikeka. Alikunja mmoja, akaketi juu yake. "Mie nitapita huko kwa mtoto na ndoo ya maji," alisema. "Mtu akiniuliza Mwislamu anatafuta nini makaburi ya Wakristo, nitamwambia aniulize dukani." Avelina alimkumbatia, wakalia wote wawili, na Thuwaini akawa anauza duka peke yake kwa tabu.

Jumapili yao ya mwisho, baada ya misa, Avelina alichukua jembe dogo. Alipogeuka alimkuta Audax amesimama mlangoni bila tai, jembe kubwa begani. Nyuma yao alikuja Jovina, na nyuma ya Jovina Demetria, akiwa amebeba kichipukizi cha mgomba alichokichimba uani, mizizi yake imefungwa kwenye gunia lile lile lililotoka Bukoba.

Mlinzi wa makaburi aliwaambia kupanda miti ni marufuku. Demetria alimjibu kwa Kihaya, kirefu, kwa adabu. Mlinzi akaenda zake.

Audax alichimba shimo upande wa kichwani. Alichimba kwa muda mrefu kuliko mgomba ulivyohitaji. Demetria aliusimamisha, wakaushindilia udongo kwa miguu, na Jovina akamwagia maji. Haukuwa mgomba wa kujivunia: majani mawili na kijiti. Lakini ulikuwa mgomba wa kwao, na mtoto sasa alilala chini yake.

Walipiga magoti. Audax alianza kuongoza rozari, akafika kwenye neno la tatu, sauti ikamkatikia. Alijaribu tena ikakatika pale pale. Ndipo Avelina alipoongoza yeye. Audax akajibu pamoja na mama yake na mwanawe, na hakuna Salamu Maria hata moja aliyoikosa, ingawa zingine alizijibu kwa midomo tu.

Rozari ilipoisha hakuna aliyeinuka. Ilikuwa mazoea. Jovina alimtazama baba yake, baba yake akamtazama mama.

"Yo," alisema Avelina.

Jovina alifungua kinywa kununua, lakini Audax alimtangulia.

"Enterré."

"Tú," alisema Avelina.

"Enterraste."

"Él."

"Enterró."

Hakuwa na kitabu wala kidole cha kufuata mstari. Alikuwa anakipeleka kitenzi kipya kwa mwendo wa kile cha zamani, hatua kwa hatua, kama sura ilivyoahidi. Avelina alivuta pumzi. Lililofuata alilijua, na aliogopa kulitamka.

"Nosotros."

Audax aliutazama udongo aliouchimba.

"Enterramos," alisema. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Tulimzika, Mama Jovina." Hapo akalia, kwa sauti, mbele ya mama yake na binti yake, na viatu vyake vya ofisini vikiwa vimezama kwenye tope.

Avelina alimngoja mpaka alipoweza. Kisha wakayamaliza yaliyobaki, yeye akiongoza, mumewe akijibu. Demetria akafanya ishara ya msalaba, akasema "Amina," kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile si sala.